Ndiga ya Kulia, Ndiga ya Kushoto

Jumatatu, 8 Agosti 1949. Kibiti.

Bango limefika! Lori la Dar limelishusha saa nne asubuhi, nakala hamsini, zimeviringishwa ndani ya gunia. Bwana Shamba, mzungu wetu wa kilimo, kanipa moja mkononi, kasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba hii ni kazi ya mikono yangu. Nilitaka kucheka kwa furaha. Nikajizuia, makarani walikuwa wanatazama.

Miezi miwili nimeichora picha ile. Masika hayakunyesha. Mpunga umekauka, mahindi hata mbelewele hayakutoa, ming'oko, viazi vya porini, yote ya karibu imekwisha kuchimbwa. Kilichobaki porini ni ndiga. Na ndiga ni mbili. Ndiga tamu — unachimba, unachemsha, unakula, basi. Ndiga chungu — ukiichemsha tu ukala, unalewa, unatapika, na kufa watu wamekufa. Hiyo lazima ikatwe vipande vyembamba, ilale kwenye maji ya mto yanayokwenda, siku tatu. Majani ya zote mbili ni ya vidole vitatu. Asiyezijua hawezi kuzitenganisha. Ndiyo maana serikali ikataka picha.

Nilichora vizuri, nasema mwenyewe. Chungu: shina lina miba, jani lina manyoya kwa chini, kiazi kina vichwa vingi kama ngumi zilizobanana, ndevu tele, kimekaa juujuu tu ya udongo. Tamu: shina laini, jani linang'aa, kiazi kimoja kirefu kilichozama chini. Maneno sikuandika juu ya picha. Bwana alisema maneno yatapigwa kwa mashine kulekule Dar, yapendeze.

Baada ya alasiri nimelikunjua nyumbani. Mke wangu Mwamini kalitazama kwa muda. Hajui kusoma, lakini ndiga anazijua. Kauliza hii ya miba tumeiandikaje.

Nikamsomea. NDIGA TAMU. CHAKULA KIZURI.

Nikasoma tena. Nikasoma ile ya pili. NDIGA CHUNGU. HATARI — USILE. Na chini yake, kiazi changu kirefu, kizuri, kisicho na kosa.

Yamegeuzwa. Nakala zote hamsini!

Jumanne, 9 Agosti

Nimekwenda mbio ofisini kuzuia. Nimechelewa. Tarishi jana ileile kapeleka moja dukani kwa Walji, ndiko wapitako watu wote, ingawa rafu zake siku hizi zina viberiti na sabuni tu.

Nimekuta mambo. Jena, mke wa Walji, kasimama mbele ya bango na kikapu cha ndiga za miba. Kaagiza mwenyewe ziletwe, kwa kufuata picha! Na upande wa pili wa kikapu kashika mama mkwe wangu, Bi Mwanasiti. Mkwe ni mtu wa Umatumbi, kateremka huku Kibiti tangu enzi za Mjerumani, na ndiga amechimba kabla baba yangu hajaoa. Wanavutana. Polepole, kwa adabu, bila kelele. Jena anasema, mama, imeandikwa na serikali. Mkwe hasemi, anavuta.

Jena kaniona. Kanigeukia mie, mtu wa serikali, mbele ya watu: basi Bwana Mfaume atuambie.

Sasa mkwe na mie hatusemezani uso kwa uso, ndiyo heshima yetu tangu nilipomwoa mwanawe. Akitaka kuniambia neno humwambia Mwamini, na Mwamini asipokuwepo huuambia ukuta. Mie natazama chini. Kwa hiyo nimeitazama sakafu ya duka nikasema bango lina hitilafu ndogo ya uchapaji.

Walji, kutoka nyuma ya meza, kauliza, "Ndogo kiasi gani?"

Mkwe kaliambia gunia tupu lililokuwa karibu yake kwamba ni ndogo kiasi cha kaburi.

Kikapu kimechukuliwa. Jena na mumewe wamekula wali wa jana. Bango limebaki ukutani — sina ruhusa ya kulibandua.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimemwambia Bwana. Niandike ilivyokuwa, maana nikisimulia hakuna atakayeamini.

Bwana Shamba si mtu mbaya. Watu wanamwita Bwana Kipimo kwa sababu hatembei bila futi na mzani. Njaa hii imemkondesha kuliko sisi. Unga wake wa ngano kaupeleka zahanati, yeye anakula muhogo mkavu. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha katoa faili.

Barua yangu iliyokwenda Dar pamoja na picha ilikuwamo. Mwandiko wangu. "Picha ya kwanza ni ndiga chungu, ya pili ni ndiga tamu."

Kasema, basi, hii ndiyo ya kwanza — kaweka kidole kwenye picha ya kushoto. Nami wakati uleule nimeweka changu kwenye picha ya kulia. Tukatazamana juu ya vidole vyetu.

Miaka saba nimesoma chuoni kwa maalim, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya kutiwa shule ya serikali. Karatasi kwangu inaanzia kulia. Hata sikuwaza! Na yule mchapaji wa Dar kaanzia kushoto, kama kila mzungu. Bwana kafikiri sana. Mwishowe kasema, kwa furaha kabisa, kwamba basi hakuna aliyekosea.

Nikasema ndiyo, lakini bango limekosea.

Kasema hapo ni jambo jingine. Bango limepitishwa Dar. Limepigwa muhuri. Likisema ndiga ya miba ni tamu, na mie nikisema ni chungu, basi kuna kauli mbili, na kauli mbili huamuliwa kwa ushahidi. Nikasema ushahidi ni watu wote wa Rufiji. Kasema hayo ni mazoea. Nikaomba nizisahihishe kwa kalamu, hamsini ni kazi ya asubuhi moja. Kasema kuandika juu ya hati ya serikali ni kuiharibu.

Ijumaa, 12 Agosti

Leo ushahidi.

Chini ya bango kuna mstari ambao Bwana kauandika mwenyewe: "Ndiga tamu hujizungusha kwenye mti kama mshale wa saa; ndiga chungu kinyume chake." Majani yote yamekauka yakapukutika — bango zima ni la majani, na msimu huu majani hayapo! Yamebaki mashina makavu tu, yamejizungusha juu ya miti. Kwa hiyo Bwana kaona mzunguko ndio utakaoamua. Mkwe kaitwa atuonyeshe ndiga ya miba ilipo. Kaja na kikapu, kaonyesha, kakaa kwenye kisiki.

Bwana kalala chali chini ya mti, katazama juu. Kasema, "Kama mshale wa saa. Tamu."

Kanituma nipande nihakikishe. Nimepanda, nimetazama chini. Kinyume! Nimemwambia. Kasema haiwezekani. Kapanda yeye, mie nikalala chali mahali pake. Yeye sasa anaona kinyume. Mie naona kama mshale wa saa. Tukabadilishana tena. Mara nne. Suruali yangu ya ofisi imechanika gotini.

Mkwe kaniletea maneno kwa njia ya kisiki: kama hawa waungwana wamepoteza kitu, waseme, yeye atawasaidia kutafuta.

Bwana kaandika: hakuna uamuzi, inategemea mtazamaji yuko juu au chini. Nikamwonyesha miba. Nikamwambia mwiba ni mwiba, ukitazama kwa juu na ukitazama kwa chini. Kasema mwiba waweza kuletwa na udongo mbaya au na mbuzi wanaokulakula. Adhana ilikuwa imekwisha, nimeswali na goti wazi.

Jumatano, 17 Agosti. Mbwera.

Bwana kaniamuru nisambaze mabango wakati tunangoja ushahidi. Sikuweza kukataa, ila mahali pa kuyapeleka kaniachia mie. Nimewaza usiku na mchana mpaka nikapata. Mbwera! Huku deltani ni mikoko, mpunga na samaki. Ndiga haioti, si tamu si chungu. Bango la uongo huku halimuui mtu.

Siku nzima ndani ya mtumbwi na mabango arobaini na moja. Jumbe wa Mbwera kanipokea vizuri, kalitazama bango, kauliza mnyama huyu anapatikana mkono gani wa mto. Nimemweleza ni mmea. Kauliza basi kwa nini ana ndevu. Mzee mmoja kasema amewahi kumvua, nyama yake ina miba mingi.

Wameyapokea yote. Moja limeziba pengo la ukuta wa jumbe. Mawili mwalimu wa chuo kayachukua kwa sababu kwa nyuma ni meupe, watoto wataandikia. Yaliyobaki yamegawanywa nyumba kwa nyumba. Mama mmoja kaomba mawili, sebuleni na chumbani. Hakuna aliyeuliza ipi inaliwa. Nimefurahi kuliko siku niliyooa, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimerudi. Bwana kaniandikia sifa kwenye faili: mabango arobaini na moja katika safari moja, wilaya nzima hakuna aliyefika hapo.

Kisha kaniambia wazo lake jipya. Jumatatu ataita baraza. Atakula ndiga ya miba, yeye mwenyewe, mbele ya watu, imechemshwa bila kulowekwa. Asipodhurika, bango ni kweli. Akidhurika, bango ni uongo na Dar wataarifiwa.

Nimemwambia, Bwana, ukidhurika utakuwa umekufa. Kasema hataagiza mtu ale kitu asichokula yeye.

Nilimheshimu hapo. Na nikatamani kumfunga kamba.

Ijumaa, 19 Agosti

Ndiga za baraza Bwana kazichimba kwa mkono wake, kazipima kwa mzani wake: ratili nne. Kisha katafuta mpishi. Mpishi wake wa nyumbani kaacha kazi papo hapo. Wanawake watatu wa hapa mjini wamekataa.

Mkwe kakubali. Kakichukua kikapu, kaenda zake.

Sielewi. Mwamini naye haniambii kitu. Nimemwuliza mama yake ana nia gani na mzungu. Kasema nia ya kupika.

Jumatatu, 22 Agosti

Baraza. Watu mia mbili na zaidi, wengine wametoka Mkongo kwa miguu kuja kumwona mzungu akifa. Wamekuja na watoto. Walji kafunga duka. Mhudumu wa zahanati kakaa mbele na ndoo mbili na kitabu cha majina.

Mkwe kaleta sahani imefunikwa kawa. Vipande vyeupe, vinatoa mvuke, chumvi pembeni. Bwana kasimama, kaonyesha picha ya kulia kwa fimbo, kawaeleza watu wasiogope mambo ya zamani. Mie ndiye mfasiri. Nimefasiri. Neno kwa neno, jasho linanitiririka mgongoni. Nilitaka kufasiri vingine nikaona aibu, Kiswahili anakisikia.

Kala. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tano. Kamaliza sahani! Kaomba zaidi, masikini, njaa ilikuwa inamuuma.

Tumengoja saa nzima. Watu wanamtazama kama wanangoja chungu kichemke. Kapiga mwayo, watu wote wakasimama. Ulikuwa mwayo tu.

Saa mbili zikapita. Kafunga saa yake, kasema, "Bango ni kweli." Watu wametawanyika kwa huzuni.

Na mie je? Nimezaliwa hapa. Bibi yangu kanilea kwa kunipiga vidole nisishike ndiga ya miba. Miaka thelathini na minne nimeogopa kitu kisicho na kosa? Nimerudi nyumbani nimelala kifudifudi. Sijala.

Jumanne, 23 Agosti

Asubuhi Mwamini kanihurumia.

Mama yake alizikata zile ndiga Ijumaa ileile, vipande vyembamba kama kucha. Alizitia kwenye kapu, kapu akalifunga mtoni kwenye mkondo. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Asubuhi ya baraza akazisuuza mara saba, akachemsha, akamwaga maji, akachemsha tena.

Nimekwenda uani. Mkwe alikuwa anatwanga mapumba. Nimetazama chini, nikauambia mchi: kwa nini?

Mchi ukajibiwa hivi. "Yule kijana katoka mbali. Ana mama yake huko kwao. Siwezi kumuua mtoto wa mwenzangu kwa sababu ya karatasi."

Nina furaha Bwana ni mzima. Lakini sasa uongo umepata muhuri wa pili!

Alhamisi, 25 Agosti

Barua ya Bwana ya kuarifu baraza imekwenda Utete, makao ya wilaya. Jibu limerudi kwa simu ya maandishi ya posta siku ileile, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nianze kazi. Unga wa vibarua wa barabara ya Mtunda umekwisha. Wale ni watu wa bara, arobaini, wametoka mbali, ndiga hawajawahi kuiona. Basi Utete imeamuru: walishwe ndiga ya miba, kwa mujibu wa bango. Bila kuloweka, kwa sababu kuloweka ni kupoteza siku tatu za kazi. Kuanzia Jumatatu.

Watu arobaini.

Nimesoma simu ile mpaka herufi zikaanza kutembea.

Jumamosi, 27 Agosti

Nimemwambia Bwana ukweli wote. Mto, kapu, siku tatu.

Kapekua daftari lake la baraza. Kasema kuloweka hakukuandikwa. Nimesema hakukuandikwa kwa sababu hakukuonekana. Kasema kama ni kweli, basi mama huyu kaingilia jaribio la serikali, na jambo hilo lina sheria yake. Na kama si kweli, mie namsingizia mama mkwe wangu. Kaniuliza nataka aandike lipi.

Nikisema kweli, mkwe anapelekwa Utete kwa askari. Nikisema uongo, watu arobaini wanapelekwa makaburini.

Kaniambia taratibu, kama mtu anayenipenda, "Mfaume, nilikula. Nilishiba. Sijalala vizuri hivyo tangu Mei." Ndiyo shida yake. Tumbo lake limeshuhudia, na tumbo lake ni mkweli.

Kaandika: madai hayakuthibitishwa.

Jumapili, 28 Agosti

Nimeamua. Bwana anaamini kitu kimoja tu, jaribio. Basi atapata jaribio.

Sijamwambia Mwamini. Nadhani anajua. Kapika uji mzito leo, kakaa nami mpaka nikamaliza bakuli.

Jumatatu, 29 Agosti. Kambi ya barabara ya Mtunda.

Nimetoka nyumbani alfajiri. Nilipofika njia panda nikasikia hatua nyuma yangu. Mkwe. Kanga mbili, mkoba, fimbo. Tumekwenda maili tano namna hiyo, mie mbele yeye nyuma. Sikumwuliza kajuaje.

Kambini pipa lilikwisha kutenguliwa jikoni. Pipa la mafuta lililokatwa nusu, limejaa ndiga hadi juu, ubao umewekwa kufunika. Vibarua wamekaa safu mbili na sahani za bati mapajani. Nyapara wao, Mussa, kasema hawajala tangu jana mchana. Bwana yupo, na futi yake na saa yake, na bango limepigiliwa kwenye mti.

Nimesimama mbele ya wote nikasema kwa Kiswahili cha wazi: hii ni ndiga chungu, haikulowekwa, itawadhuru. Safu zikatikisika. Bwana kaniita pembeni, kakasirika lakini kwa sauti ndogo. Kauliza nina ushahidi gani. Nikasema nitaula sasa hivi.

Kanitazama sana. Kasema, sawa, lakini ifanywe sawasawa. Kanikatia kipande kama kidole gumba, kakipima. Kaniambia niandike kila ninachosikia mwilini, kwa saa. Karatasi hakuna, nimetoa daftari hili mfukoni. Basi naandika humu.

Mtu hali mbele ya mama mkwe. Mkwe kanigeuzia mgongo, nikala.

Saa mbili na nusu. Nimemeza. Ladha ya sabuni na majani. Hakuna kitu.

Saa mbili na dakika arobaini. Ulimi unawasha kidogo. Nimemwambia Bwana. Kasema wasiwasi pia huwasha ulimi.

Saa mbili na dakika hamsini. Midomo imevimba, au naona imevimba. Bwana kapima. Kasema hakunipima kabla, kwa hiyo hajui. Amejilaumu kwa hilo.

Saa tatu kasoro tano. Mate hayaishi. Miti inasogea kidogo upande mmoja. Bwana kachutama mbele yangu, katazama macho yangu, uso wake umebadilika rangi. Nadhani ameanza kuona. Lakini nyapara Mussa kaja kusema watu wana njaa, wapakuliwe au warudi kwao bara. Bwana katazama simu ya Utete. Kanitazama mie. Kasema mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, na amri ni amri, wapakuliwe kidogokidogo.

Saa tatu. Mkwe amekalia pipa!

Kaenda polepole, kakunja kanga ya juu, kaitandika juu ya ubao, kakaa. Mkoba mapajani. Mvuke unatoka pande zote za kanga. Mpakuaji kasimama na upawa wake hewani, hajui auweke wapi. Bwana kamwambia kwa Kiswahili cha kitabuni, tafadhali mama, shuka. Mkwe kamjibu kwa Kimatumbi, jambo refu. Watu wa bara hawakuelewa, Bwana hakuelewa. Mie nimeelewa. Kasema kitako chake kimelea watoto tisa na kimechoka, hakiinuki.

Hakuna wa kumgusa. Mussa kasema yeye hashiki mwanamke wa umri ule, hata kwa amri ya Utete.

Saa tatu na dakika tano. Bwana kanijia. Kasema mie ni mtu wa serikali na ni mfasiri, nimwambie mama huyu, kwa lugha yake, kwamba serikali inamwamuru ashuke. Sijawahi kumwamuru mkwe hata anipishe njiani. Nimeinua macho, mara ya kwanza, nikamtazama usoni. Kanitazama vilevile. Macho yake mekundu kwa mvuke.

Nimefungua mdomo. Ulimi hauinuki. Ni kama si wangu, umelala tu humo ndani, mate yanamwagika kwenye shati. Nimejaribu tena. Imetoka sauti kama ya ndama.

Bwana anadhani nakataa amri. Naandika haraka, mkono unateleza. Mtu mmoja wa safu ya mbele ananitazama mdomo, ameweka sahani yake chini, hataki kupakuliwa. Na wa pili wake naye kaiweka. Bwana hajawaona, amewapa mgongo. Anarudia amri, polepole zaidi, neno moja moja, kama mtu anayesema na kiziwi —